Televisheni kwa Nyumba Isiyofungwa Mchana

Wengi wenu mnaonipigia simu mnaanza na swali lilelile: Mama, nataka TV kubwa, ninunue LED, QLED au OLED? Hata shikamoo hamjaimaliza. Nami najibu kwa swali: mlango wa sebule yako unaangalia wapi? Hapo wengine wanakata simu, wanadhani uzee umenipanda kichwani. Wanaobaki kwenye laini ndio hawa ninaowaandikia.

Swali la mlango sikuzaliwa nalo. Nililipata kijijini Kiriba, siku nilipogundua kwamba TV niliyoichagua mwenyewe, kwa majivuno yangu yote, ilikuwa imemtenga mzee mmoja na rafiki yake wa miaka mingi, na kwamba nisipoitengeneza ile hali hakuna mwingine wa kuitengeneza. Nitafika huko. Kwanza mnijue.

Naitwa Nyangeta. Nimeuza na kufunga televisheni kati ya Musoma, Bunda na Butiama tangu enzi za chogo, zile zenye mgongo mkubwa ambazo zilibebwa na wanaume wawili na wote wakalalamika kiuno. Watu wakaniita Mama Chogo, jina likanikaa, ingawa chogo ya mwisho niliigusa zamani sana. Sasa duka nimemwachia binti yangu. Magoti yamegoma kupanda ngazi, nakaa nyumbani, nakula sato wangu kwa amani, na kama kuna kitu ninachokikosa ni harufu ya boksi jipya likifunguliwa tu.

Sikusomea chuo chochote. Nilifundishwa na Mzee Shabani, fundi wa redio na televisheni pale Musoma mjini. Aliniajiri kufagia na kufuta vumbi. Baada ya miezi kadhaa akaona nafungua vifuniko vya nyuma nikichungulia, badala ya kunifukuza akanipa bisibisi. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia safi, na ukikosea hakugombezi, anakurudisha tu. Kuna siku alinituma nyumbani kwa mteja nikaangalie TV itakaa wapi. Niliporudi akaniuliza:

"Umefika?"

"Nimefika, Mzee."

"Umekaa?"

"Nimekaa, na chai nimeletewa."

"Umekalia viti vingapi?"

"Kimoja. Kwani nina makalio mangapi?"

Hakucheka. Alisema, "Rudi." Nikarudi, na jua lile. Kanuni yake ilikuwa hiyo: kabla hujamwambia mtu anunue nini, kaa kwenye kila kiti cha sebule yake, na ukae saa ileile ambayo wenyewe wanakaaga. Mimi kanuni hiyo ilikuwa inanitia aibu. Sisi tuliokulia huku rasini, ardhi iliyoingia ziwani, tunajua mgeni anaonyeshwa kiti, anakaa, anatulia. Mgeni anayehama kochi hadi kochi kwenye nyumba ya watu anaonekana ana lake jambo. Kwa hiyo nilikuwaga naifuata kanuni pale ninapopenda, na nisipopenda naiacha.

Faida ya viti vyote niliijua Buhemba. Kulikuwa na bwana mmoja pale anaitwa Marwa, ana kibanda umiza, ukumbi wa mabati ambao wachimba dhahabu wanajazana kuangalia mpira. Alitaka TV kubwa kuliko zote dukani. Nikamchagulia yenye kioo cha weusi mzito, maana ukumbi wake ni giza na kioo kile kwenye giza kinapendeza. Nikasimama katikati, nikaona picha imenyooka, nikaondoka zangu. Wiki haikuisha akanipigia.

"Mama Chogo, umeniuzia TV ya watu kumi na wawili."

"Kivipi?"

"Wanaokaa katikati wanaona. Wa pembeni wanaona jezi zimefuliwa na jiki."

Nikaenda, safari hii nikakaa benchi la ukutani kabisa. Kweli, timu nyekundu imekuwa ya rangi ya papai lililoiva upande mmoja. Kumbe vioo vya LED si vya aina moja. Kuna vile vyenye weusi mzito lakini ukikaa pembeni rangi zinapauka, na kuna vile vya pembe pana, weusi wake si mzito sana lakini wa katikati na wa pembeni wanaona mpira mmoja. Nikambadilishia. Ile ya kwanza alikuja kuichukua mama mmoja wa Bunda anayeishi na paka wake tu, na hajawahi kulalamika mpaka leo.

Basi nyie mnaoenda dukani na kusimama mbele ya ukuta wa TV mkasema "hii ndiyo kali," sikilizeni. Dukani kila TV imewekwa kwenye modi ya dukani, mwanga na rangi vimefunguliwa hadi mwisho. Mwambieni muuzaji aitoe huko, aiweke kama ya nyumbani. Kisha mwambieni aonyeshe picha nyeusi tupu, muone kama kwenye kona mwanga unavuja. Kisha tembeeni kwenda pembeni kabisa, mtazame rangi za uso wa mtu. Muuzaji akikasirika, mwacheni, duka lingine liko ng'ambo ya barabara.

Na majina yasiwatishe. LED ni kioo chenye taa za nyuma. QLED ni ndugu yake, taa zilezile za nyuma ila imeongezewa karatasi ya kunoa rangi, na mara nyingi mwanga wake ni mkali zaidi. OLED ndiyo tofauti kabisa: haina taa za nyuma, kila kitone kinajiwashia chenyewe, na kikizima kimezima, unapata weusi kama ndani ya chungu. Ni nzuri, sitaki kusema uongo. Lakini nyingi kati ya zile zilizopita mikononi mwangu mwanga wake ulikuwa mdogo kuliko wa wenzake, na kioo chake kinang'aa kama cha kujitazamia. Tena inataka picha inayotembea. Ukiiwekea chaneli moja ya habari kutwa nzima, ile nembo ya pembeni inaweza kulala hapo moja kwa moja. Niliona hayo zamani kwenye plasma, zile TV bapa za mwanzo, ya mgahawa mmoja Bunda. Mwenye mgahawa akibadilisha akaweka mpira, nembo ya habari ipo. Akiweka taarabu, ipo. Hatimaye wateja wakaacha kuiona.

Kitu kingine kabla sijasahau. TV bapa inasafirishwa imesimama, hailazwi. Kuna kijana wa Kibara alinunua ya inchi hamsini, nikamwambia isimame, akanijibu "sawa Mama." Kwenye gari la mizigo akailaza vizuri juu ya magunia ya dagaa, kwamba ni laini, kama godoro. Barabara ile mnaijua. Alipofika ikawa na ufa kutoka kona hadi kona, na harufu. Aliileta dukani akitaka nimweleze kwa nini boksi halijaumia hata kidogo ila kioo kimepasuka, na mimi nilikuwa nacheka sana siwezi kumweleza.

Nilikuwa mwepesi wa kuwacheka watu, nakiri. Ndiyo maana Kiriba iliniuma.

Mwalimu Magesa alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka yote ya utu uzima wake, akastaafu, akarudi kwenye nyumba yake pale Kiriba, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote. Mkewe alifariki. Watoto wako mbali. Binti yake Rebeka, yuko Dar, akanipigia simu.

"Dada Nyangeta, baba yuko peke yake. Nataka TV kubwa, iliyo nzuri kuliko zote. Asijisikie mpweke."

Nilienda kuangalia sebule. Ilikuwa masika, mvua inapiga bati hadi hatusikilizani, mlango umefungwa ili maji yasiingie. Ndani giza la kupendeza. Mwalimu akanikalisha kwenye kochi kubwa la katikati, lenye kitambaa kipya, linalotazamana na ukuta wa nyuma, ule ulio mkabala na mlango. Hicho ndicho kiti cha heshima. Nikakaa. Kuhama niliona haya. Huyu ni mwalimu, mtu aliyefundisha nusu ya kata kusoma, halafu mimi niruke kochi hadi kochi mbele yake kama mtoto? Nikaangalia lile giza, nikaangalia ukuta, nikasema moyoni: hapa panafaa OLED. Tena nikajisifu, kwa kuwa itakuwa ya kwanza kufungwa na mimi upande ule. Mzee Shabani alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniambia rudi.

Siku ya kufunga mawingu yalikuwa bado yametanda. Nilimkuta na jirani yake, Mzee Bwire, mvuvi wa dagaa. Bwire anavua usiku, asubuhi anaanika, na mchana alikuwaga anakuja kwa Mwalimu kila siku ya Mungu. Walianza urafiki wakiwa vijana, na sijui walikuwa wanaongea nini maana nilipowakuta walikuwa wamenyamaza wote wawili, wametosheka. Bwire alinishikia kile chuma cha ukutani nikikaza boliti. Akawa ananitania.

"Mama Chogo, hii ikianguka inaniua mimi au inamwua Mwalimu?"

"Itaangalia nani hajala."

"Basi ni mimi," akasema, na Mwalimu akacheka hadi akakohoa.

Nikaiwasha. Ikatokea filamu ya wanyama, simba wa usiku. Mwalimu akasogea karibu, akasema, "Naona hadi manyoya ya sikio." Nikaondoka Kiriba nimevimba kichwa.

Masika yakaisha. Mwalimu akaanza kunipigia simu.

Ya kwanza: "Nyangeta, hujambo binti yangu?"

"Sijambo, shikamoo Mwalimu. TV inasemaje?"

"Haina neno. Nilikuwa nauliza, vumbi nifute kwa kitambaa gani?"

"Kile laini nilichokuachia."

"Ah, ndiyo. Ulisema."

Halafu kimya, lakini hakati. Nikaaga mimi. Baada ya siku tatu akapiga tena, kuuliza kama rimoti inaweza kulala kifudifudi. Nikamwambia ilale atakavyo. Mara ya tatu hakuuliza TV kabisa. Alisema, "Hivi mvua huko Musoma imenyesha?" Mwezi wa saba, vijana. Mwezi wa saba mvua gani? Nikakata simu nikakaa nikiitazama. Nilidhani TV imeharibika na mzee anaona vibaya kusema kwa kuwa ni zawadi ya mwanawe. Kesho yake nikafunga mkoba wa vifaa nikaenda.

Nilifika saa tisa alasiri, jua limekaza, ziwa linang'aa hadi macho yanauma. Nikaukuta mlango umefungwa.

Kwa msio wa huku niwaeleze. Vijijini kwetu mlango wa mbele mchana unakaa wazi. Watu wakiwa ndani, uko wazi. Ukifungwa na watu wamo, majirani wanajua kuna mambo mawili: ama mna mgonjwa mahututi, ama mnakula nyama na hamtaki kuonekana. Hakuna la tatu. Nilipouona ule mlango nikajua Mwalimu anaumwa.

Nikapiga hodi, sikuitikiwa. Ndani nasikia sauti ya mtangazaji wa mpira. Nikatoa funguo nikagonga nazo bati la mlango, ndipo likasogezwa komeo. Mwalimu huyo, mzima wa afya, anapepesa macho.

"Karibu, karibu ndani upesi," akasema, na akaufunga tena nyuma yangu.

Ndani joto la bati, giza, na ukutani ile picha. Nitasema ukweli wangu: kitu cha kwanza nilichojisikia ni fahari. Ilikuwa nzuri mno. Kisha nikaanza kutoka jasho, nikamuuliza, "Mwalimu, kwa nini umejifungia?"

Alienda akafungua mlango wote. Mwanga wa ziwa ukaingia hadi ukuta wa nyuma, na mpira ukapotea. Wachezaji wakabaki vivuli. Kwenye kioo tulichoona vizuri ni mlango, ziwa, na sisi wawili tumesimama, mimi na mkoba wangu begani.

"Ni nzuri sana," akasema Mwalimu haraka, kama vile nitamchongea kwa Rebeka. "Mlango ukifungwa ni nzuri sana."

Nikakaa. Kisha, jamani, nikainuka. Nikaenda kochi la dirishani, nikakaa. Nikaenda kile kigoda cha pembeni, nikakaa. Nikakalia viti vyote vya nyumba ile kimoja baada ya kingine, nikiwa nimechelewa kwa miezi minne, na Mwalimu ananitazama haelewi. Kila kiti kilinipa jibu moja. Nikaona pia jingine: TV ikiwa ukuta wa nyuma, wote wanaoitazama wamempa mgongo anayeingia.

"Mzee Bwire yuko wapi siku hizi?" nikauliza.

Mwalimu akashika rimoti, akapunguza sauti ambayo haikuwa kubwa.

"Bwire haji."

"Kwa nini?"

"Sijui. Nimemkuta njiani mara mbili, tumesalimiana vizuri tu. Nikimwambia njoo, anasema nitakuja. Haji. Sijui nimemkosea nini, Nyangeta. Ningejua ningemwomba radhi."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena katika kazi. Rebeka alitaka baba yake asiwe mpweke. Mimi ndiye niliyepewa kazi hiyo, na nilikuwa nimemfungia baba yake ndani na kumpa simba wa usiku wa kuangalia.

Nikateremka ufukweni. Bwire nilimkuta amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona nyavu. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akanipa nafasi ya kukaa. Tukaongea habari za dagaa, kwamba mwezi umekuwa mkali na hawapandi kwenye taa. Nikaona tutaongea dagaa hadi jioni, nikakata.

"Mzee Bwire, kwa Mwalimu huendi."

"Mwalimu ana nyumba yake. Ana haki ya kufunga mlango wake."

"Ulienda ukaukuta umefungwa?"

Sindano ikasimama. "Nilienda. Mlango umefungwa. Nikasema labda anaumwa, nikapiga hodi. Ndani nasikia mpira. Nikapiga ya pili. Mpira unaendelea. Nikapiga ya tatu." Akanitazama sasa. "Binti, mtu hapigi ya nne."

"Hakusikia, Mzee wangu. Sauti ilikuwa juu, mlango umekazwa."

"Miaka yote hiyo nilikuwa nakohoa tu njiani na ananisikia."

Nikamweleza habari ya kioo kinachong'aa, mwanga wa ziwa, masika, kiti cha heshima ambacho sikuinuka. Nikamwambia kosa si la Mwalimu, kosa ni langu, mimi ndiye niliyemletea TV isiyoweza kukaa na mlango wazi, na yeye hakusema kwa sababu ni zawadi ya mwanawe. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu kwa kinywa changu kwamba nimekosea kazi. Kwa Mzee Shabani sikuhitaji kusema, alikuwa ananirudisha tu.

Bwire akasikiliza yote. Kisha akarudi kwenye nyavu zake. "Nimesikia," akasema. Nikaondoka sijui kama nimejenga au nimebomoa.

Rebeka nilimpigia usiku huohuo.

"Lakini dada, mimi nilitaka awe na iliyo nzuri kuliko zote."

"Anayo, mdogo wangu. Ila inamtaka afunge mlango, na baba yako hajawahi kufunga mlango."

Akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Mama alikuwaga anagomba tukiufunga." Akaniruhusu nibadilishe.

Ile OLED niliiteremsha, akaja kuichukua daktari mmoja kijana wa Musoma, mpenzi wa filamu, ana mapazia mazito na hatembelewi na mtu. Wanapendana nayo hadi leo. Kwa Mwalimu nikapeleka LED ya ukubwa uleule, kioo cha pembe pana, uso wake haung'ai, na mwanga wake mkali. Ukiziweka pamoja gizani, ya Mwalimu inashindwa, weusi wake ni kijivu. Muuzaji yeyote angeniona nimerukwa na akili, kumshusha mteja kutoka juu kwenda chini. Wakati mwingine kazi ni hiyo.

Na ukuta nikauhama. Niliitundika ukuta uleule wenye mlango, pembeni mwa mlango wenyewe, ili mwanga upite kando usiigonge usoni, na makochi tukayageuza yote. Sasa ukikaa kutazama TV unautazama na mlango, na njia inayopanda kutoka ziwani unaiona yote.

Nilimaliza Jumapili alasiri, watu wametoka kanisani na kula. Nikaiwasha, mlango ukiwa wazi hadi mwisho, upepo unaingia. Mpira ukaonekana, jezi nyekundu ni nyekundu. Nikaanza kukalia viti, kimoja kimoja, safari hii bila haya. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kochi lake, na niliona macho yake hayako kwenye mpira. Yako njiani.

Watu walipita. Mama mmoja na ndoo, watoto, mtu na baiskeli. Mwalimu kila mara anajinyoosha kidogo, kisha analegea. Kipindi cha kwanza kikaisha. Mimi kazi ilikuwa imekwisha pia, lakini nikajifanya narekebisha rangi, napandisha, nateremsha.

Kipindi cha pili kimeanza, Bwire akatokea kwenye ile njia. Anatembea polepole, ana sato wawili kwenye kamba, hatazami upande wa nyumba. Mwalimu akasimama. Hakuita. Alisimama tu palepale mbele ya kochi, mikono imening'inia. Bwire akafika usawa wa mlango, akasimama naye, akakohoa.

"Karibu," akasema Mwalimu, kabla hodi haijapigwa.

Bwire akaingia. Samaki akampa Mwalimu mkononi, hawakusema la mlango wala la hodi tatu, na mpaka leo sidhani kama wamewahi kulisema. Akachagua kiti cha ukutani, kile cha pembeni kabisa.

"Hapo unaona vizuri, Mzee Bwire?" nikamuuliza.

"Naona."

Alitazama mpira labda dakika tano. Kisha usiku wa ziwani ukamshinda, kichwa kikaegemea ukuta, mdomo wazi, akalala. Mwalimu akatafuta rimoti, akapunguza sauti, akapunguza, hadi wachezaji wakawa wanakimbia kimya. Nikamsogelea nikamuuliza kwa sauti ndogo, kama ninavyomuuliza kila mteja mwisho wa kazi, picha anaionaje.

Hakuitazama TV. Alimtazama Bwire.

"Nzuri," akasema. "Usiiguse tena."